Vekta Zimejaza Kumbukumbu: Nifanyeje?

SWALI: Hifadhidata yangu ina vekta milioni 1 (orodha za namba zinazowakilisha maana ya maandishi au picha), kila moja ikiwa na namba 768. Kumbukumbu ya seva imejaa na utafutaji umezorota. Je, ninunue seva nyingine?

JIBU: Usikimbilie kununua kabla ya kupiga hesabu. Namba ya biti 32 huchukua baiti 4, hivyo vekta moja ni baiti 3,072 na zote pamoja ni takriban gigabaiti 3, faharasa (muundo unaoharakisha utafutaji) ikiwa bado haijahesabiwa. Ukizibana namba hizo ziwe za biti 8, mzigo hushuka hadi robo. Usahihi nao hupungua kidogo, kwa hiyo vekta asilia zibaki kwenye diski ili zitumike kupanga upya majibu 100 ya mwanzo ya kila utafutaji. Ikiwa faharasa yako ni ya grafu, yaani mtandao ambamo kila vekta ni nodi iliyounganishwa na zinazofanana nayo, kama HNSW, kupunguza viungo vya kila nodi kutoka 32 hadi 16 huokoa nafasi na kuharakisha ujenzi wake. Lakini pima kwanza: chukua maswali mia kadhaa, uyatafutie majibu kwa kulinganisha vekta zote bila faharasa, kisha uangalie ni mangapi kati ya hayo ambayo faharasa inayapata. Wengi huiruka hatua hii, halafu huilaumu hifadhidata.