Mama ana sukari na anakula kisiri: usifunge kabati

Dada, umeuliza kama ufunge kabati la sukari na mkate, kwa sababu mama uliyemleta mtaa wa Umoja, Nairobi, kutoka kijijini anakula kisiri na vipimo vyake havishuki. Mimi nasema usifunge. Namlea baba yangu mwenye kisukari hapa Kayole, na nimeona wazi kwamba mgonjwa akikosa usingizi, akiona haya kwenda choo, akila peke yake na asiulizwe lolote kuhusu mwili wake mwenyewe, dawa hazifui dafu.

Anza na chakula. Baba alipokuwa kwa ndugu yangu alipikiwa kisufuria chake: sukuma ya kuchemsha bila chumvi na kipande cha nduma. Sahani yake iliwekwa kwenye stuli kando, wengine wakila mezani. Alikuwa anaonja, anaisukuma, kisha anateremka kibandani kwa wazee wenzake kula mandazi na chai ya maziwa. Kilichompeleka kule kilikuwa watu kuliko mandazi. Kwangu hakuna chakula cha mgonjwa. Sote tunakula kimoja: nusu ya sahani ni managu au sukuma, robo ni maharagwe, ndengu au nyama, na robo iliyobaki ni ugali, kiasi cha ngumi yake. Unga tunasaga posho mill bila kukoboa, ingawa hata huo ukijazwa sahani sukari itapanda tu. Chai ni bila sukari kwa nyumba nzima. Mandazi bado anakula mara mojamoja, mbele yetu, na siku hiyo ugali unapungua.

Halafu uangalie usiku wake. Sukari ikipita kama 10 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia, figo huanza kuitoa kwa mkojo, nayo huondoka na maji ya mwili. Ndiyo maana mtu anakojoa usiku kucha na koo limekauka. Kwenye ploti yetu choo kiko mwisho wa korido na taa ya huko haidumu. Baba akaamua kutokunywa maji kuanzia jioni ili asilazimike kutoka. Asubuhi midomo imepasuka, kichwa kinamuuma, na mashine inasoma juu zaidi. Kilichosaidia ni ndoo yenye mfuniko nyuma ya pazia karibu na kitanda chake, pamoja na tochi. Hakutaka mimi binti yake niimwage, na heshima hiyo ni haki yake, kwa hiyo kijana wangu huitoa alfajiri kabla majirani hawajaamka. Maji anakunywa tena.

Miguu usiiache kabisa. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Jioni moja mjukuu alipomvua viatu alikuta kizibo cha soda ndani. Baba alikuwa ametembea nacho kutoka sokoni bila kujua, na ngozi imeanza kuchubuka. Sasa anaoshwa kila jioni kwa maji ya vuguvugu, na anayepima joto la maji ni mjukuu, kwa kiwiko. Anakaushwa katikati ya vidole, anatazamwa nyayo zote mbili. Hapo ndipo wanapopiga soga, na baba hucheka hapo kuliko saa nyingine yoyote ya siku.

Sindano ya insulini, dawa ya kushusha sukari, anajidunga mwenyewe. Mimi namsomea namba tu kwa kuwa macho yamepungua. Huhamisha mahali pa kudunga, ngozi isije ikafanya manundu. Insulini ya akiba iko kwenye friji ya jirani, lakini si sehemu ya kugandisha barafu. Ile anayotumia inakaa kivulini ndani ya chungu, na wiki 4 zikiisha haitumiki tena.

Sasa rudi kwenye kabati lako. Kama mama anadungwa insulini, au anameza glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari), halafu akachelewa kula, sukari inaweza kushuka chini ya 4: jasho, kutetemeka, hasira za ghafla, maneno kuchanganyika. Hapo anahitaji vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mara moja. Baada ya dakika 15 apimwe tena, akiwa bado chini arudie, kisha ale chakula. Akizirai usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Wewe uko kazini mjini, ufunguo uko mkobani mwako. Hiyo sukari ataipata wapi?

Tuandikie hapa mama anatumia dawa gani, anakula saa ngapi na analala na nani chumbani. Dozi msiibadilishe wenyewe nyumbani. Siku ya kliniki mbebe vipimo vilivyoandikwa kwenye daftari, na daktari akiuliza swali, mwache mama ajibu kwanza. Akianza kutapika, au akipumua kwa kasi huku sukari iko juu, usingoje siku ya kliniki.