Usimtungie: barua kwa mwanangu Wakesho

Mwanangu Wakesho,

Ujumbe wako nimeusoma, nikauacha, nikaurudia, maana swali lako si la kujibiwa kwa simu huku mtandao unakatika. Unasema umeitwa uwasaidie vijana wa sekondari katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, huko Arizona, wanaotunga muziki wa kwateti: fidla mbili, viola yako na selo. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama kuwafundisha noti na upinde si kuendeleza kazi ya zile shule za bweni zilizowavua lugha yao. La pili, kijana akikuletea wimbo wa nyanya yake auingize kwenye utunzi wake, uupokee au umrudishie.

Nenda, mwanangu. Ila nenda ukijua kwamba hofu yako ina msingi.

Shule ya Carlisle, shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili kule Pennsylvania, ilifunguliwa mwaka 1879. Iliwakata watoto nywele na kuwakataza lugha za mama zao, na papo hapo ikawapa tarumbeta. Bendi ya watoto hao ilipiga muziki siku ya kufunguliwa kwa daraja la Brooklyn, mwaka 1883. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kuzipiga marufuku ngoma zao za ibada. Kwa hiyo ala za Kizungu ziliwafikia watoto hao pamoja na sare na viboko. Mzee wa Kinavajo akikutazama kimya kabla ya kukukaribisha na kisanduku chako cha viola, mwache akutazame.

Kosa la pili lilifanywa na watunzi wa Kizungu wa Marekani, na hili ndilo linalokuhusu zaidi. Edward MacDowell alitunga muziki wa okestra alioupa jina la "Wahindi", kama Wazungu walivyowaita wenyeji hao, akitumia tuni alizozikuta katika kitabu cha Kijerumani cha mwaka 1882. Arthur Farwell akaanzisha kampuni ya kuchapisha muziki mwaka 1901, na sehemu ya kazi yake ikawa kuzipamba nyimbo za Waomaha, jamii nyingine ya wenyeji wa asili, ili zipigwe kwenye piano za sebuleni. Waliamini wanaipatia Marekani muziki wake. Jina kwenye karatasi likawa la mtunzi, na mwenye wimbo akabaki rangi ya kupakia. Miaka mingi ilipita watu wakidhani hivyo ndivyo wenyeji wa asili wanavyoingia katika muziki huu: kama tuni ya kuokota.

Kilichobadilisha mambo ni wenyeji kukamata kalamu wenyewe. Louis Ballard, wa jamii ya wenyeji iitwayo Waquapaw, Oklahoma, aliyezaliwa mwaka 1931, alipelekwa shule ya bweni akiwa mtoto mdogo. Alisomea utunzi hadi shahada ya juu, akatunga kwa okestra na kwa dansi, akafundisha katika taasisi ya sanaa ya wenyeji pale Santa Fe miaka ya 1960, kisha akasimamia mitaala ya muziki katika shule za serikali za wenyeji. Hakuyatupa aliyofunzwa. Aliyageuza yakatumika kwa shughuli yake mwenyewe. Jirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hilo: Justinian Tamusuza aliandika kwateti ya nyuzi inayofikiri kama ala za Kiganda, na Kronos Quartet, kundi la kwateti la Marekani, wakairekodi katika albamu yao ya mwaka 1992. Isikilize kabla hujaenda. Utasikia fidla zikifanya kazi ambayo mafundi wa Italia hawakuzitengenezea, na hazikuvunjika.

Mradi wenyewe unaoitiwa ni wa aina iliyoanza huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, tamasha la muziki la Grand Canyon lilipoanza kuwapeleka watunzi katika shule za Wanavajo na za jirani zao wenyeji, Wahopi. Mtunzi wao wa kwanza alikuwa Brent Michael Davids, wa jamii ya wenyeji wa Mohikani. Tangu mwaka 2004 kazi hiyo ilishikwa na Raven Chacon, Mnavajo aliyezaliwa Fort Defiance, ambaye amewalea vijana zaidi ya 300 katika kutunga kwateti. Mwaka 2022 mtu huyohuyo alipata tuzo ya Pulitzer ya muziki, tuzo kubwa ya Marekani, mwenyeji wa asili wa kwanza kuipata. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu huona ulezi kama kazi ya aliyeshindwa kutunga. Yeye alifanya yote mawili kwa pamoja.

Na utunzi uliompa tuzo ukausikilize pia. Unaitwa Voiceless Mass, umeandikwa kwa kinanda cha mabomba cha kanisani na ala chache, ukapigwa mara ya kwanza katika kanisa kuu la Milwaukee mwezi Novemba 2021. Hauna mwimbaji hata mmoja. Hakuna kitu ambacho mtalii angekitambua kuwa cha Kinavajo. Ni Mnavajo aliyeingia katika nyumba ya kanisa, kanisa ambalo lina historia na wenyeji wenzake, akaipa nyumba hiyo sauti za chini zinazokwaruza na kimya kirefu. Angelelewa na mtu aliyetaka kila noti yake inuke moshi wa kambi, utunzi ule usingezaliwa.

Hapo ndipo lilipo jibu langu lote, Wakesho. Usimtungie mtoto wa mtu. Wala usimwambie anapaswa kusikika vipi. Vijana wengi wa kule wanapenda muziki wa heavy metal, na bendi za aina hiyo zimejaa katika ardhi ya Wanavajo. Akija kijana anataka kwateti inayopiga kelele kama gitaa la umeme, mwonyeshe upinde unavyochakaza sauti ukiusogeza karibu na daraja la ala, mwonyeshe unavyokandamiza mpaka noti ikapotea, halafu mwache achague. Mwingine akitaka wimbo mtamu wa mapenzi, ni wake. Nimewaona walimu katika mashindano yetu ya muziki wakimlazimisha mtoto wa Nairobi aimbe kama anatoka shambani kwa sababu waamuzi wanapenda hivyo. Mtoto huimba, hupata cheti, na haimbi tena.

Kazi ya mikono nayo, kwa kuwa uliuliza uanzie wapi. Mtoto aimbe kwanza, au avume, au agonge meza. Wewe andika alichofanya, si alichokaribia kufanya. Akigonga mapigo matano kisha saba, usimnyooshee yawe manne manne ili kurasa zipendeze. Sauti yake ikikaa kati ya noti mbili za piano, iache ikae hapo. Viola haina vikato kwenye shingo kama gitaa, na hiyo ni bahati yenu. Mpigie papo hapo alichoandika, hata kama ni mistari miwili, kwa sababu mtunzi ambaye hajasikia noti yake kwenye ala halisi bado anabahatisha. Mwonyeshe kudonoa nyuzi kwa kidole, kugonga ubao, zile sauti nyembamba zinazotoka ukigusa uzi bila kuukandamiza. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakuwia kugumu, nakujua.

Siku ya mazoezi, mtoto ndiye azungumze na wapigaji. Mkiwa watu wazima wanne na kijana mmoja mwenye haya, mtajikuta mnamuuliza mlezi badala yake. Kataa. Wamngojee. Na akishaondoka, mtu asiguse noti hata moja kwa kisingizio cha kuirahisisha.

Sasa wimbo wa nyanya. Hapa siwezi kukupa ndiyo wala hapana, kwa sababu ruhusa si yangu, si yako, na mara nyingine si ya kijana mwenyewe. Kwa Wanavajo nyimbo za uponyaji zina wenyewe, watu waliozisomea kwa miaka mingi, na zipo hadithi na nyimbo za michezo za majira ya baridi tu. Kwa jirani zao Wahopi, mtafiti Laura Boulton alirekodi nyimbo miaka ya 1930 na 1940, rekodi zikaishia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na vizazi vya baadaye vikalazimika kudai haki juu ya sauti za babu zao wenyewe. Basi wewe usiwe wa kwanza kuufungulia mlango wimbo ambao hukuuliza habari zake. Mwambie kijana arudi nyumbani amuulize nyanya: wimbo huu ni wa nani, unaimbwa lini, unaweza kutoka nje? Nyanya akikubali, jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza. Akikataa, kijana atatunga kitu kingine, na pengine kitu hicho kitakuwa kuhusu kukataliwa huko.

Jina nalitilia mkazo kwa sababu ya kwetu. Wimbo wa taifa wa Kenya umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Wanakamati watano walioutengeneza mwaka 1963, akina Graham Hyslop na Senoga-Zake, wanafunzi wangu waliweza kuwataja kwenye mtihani. Mama wa Kipokomo aliyemwimbia mwanawe pale Mto Tana hakuulizwa kwenye mtihani wowote niliousahihisha.

Kuna jambo dogo nimelipenda, nikuambie. Jerod Tate, wa jamii ya wenyeji wa Chickasaw, alikuwa mpiga piano tu mpaka mama yake, msanii wa dansi, alipomwagiza atunge muziki wa ngoma za jukwaani. Kazi hiyo ilionyeshwa mwaka 1992, ikawa mwanzo wake, na baadaye akaanza kufundisha utunzi kwa watoto wa Kichickasaw wakati wa likizo. Mama hakumfundisha kutunga. Alimpa kazi ya kweli, yenye jukwaa na tarehe. Na nyinyi msiwape vijana hao zoezi la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Wapeni wapigaji wazuri, hadhira iliyoketi, na wazazi wao viti vya mbele.

Kabla hujatia saini, uliza mambo matatu kwa waliokuita. Rekodi za vijana zitakuwa mali ya nani? Nani anaamua picha na maneno ya kijitabu cha onyesho? Na baada ya onyesho, kijana atapata wapi mtu wa kumwonyesha utunzi wa pili? Wakikujibu la tatu kwa kigugumizi, jitolee wewe, kwa barua pepe, hata mwaka mzima. Wengine waliopita katika mradi kama huo wamerudi kuwa walimu, na hawakufika hapo kwa onyesho moja.

Baba anakusalimu. Anauliza kama huko jangwani viola haipasuki kwa ukavu; nami nauliza vilevile, nunua kile kifaa cha kuweka unyevu ndani ya kisanduku. Ukishaonana na mwenzako atakayekuongoza, niandikie alivyokupokea.

Mama yako,
Voi