Kifaa cha sauti kinavuja na mlipuko wa maradhi ya kupumua umepamba moto: aende kliniki au asubiri?

Pole, ndugu. Unasema mzee alitolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti cha kooni, anapumulia tundu la shingoni, anazungumza kwa kifaa cha sauti, yaani vali ndogo iliyo kati ya njia ya hewa na njia ya chakula, na sasa kila akinywa maji anapaliwa. Mimi ni muuguzi wa masikio, pua na koo. Mwaka 2020, Korona ilipotuingilia, swali hili nililijibu kwa simu mpaka nikalizoea.

Kwanza jueni kinavuja wapi. Mmulike tundu la shingoni kwa tochi huku akinywa maji yaliyotiwa rangi ya chakula. Lakini simama ubavuni, na barakoa uvae. Hili nililipata kwa vitendo: niliinama mbele ya mgonjwa aliyevaa barakoa safi kabisa, akakohoa, matone yote yakatua kwenye ngao yangu ya uso. Barakoa ilikuwa puani, pumzi iko shingoni! Afunike kote kuwili, na kichujio cha tundu asikivue ovyo. Anabonyeza hapo kwa kidole ili aongee, kwa hiyo mikono ioshwe kabla na baada.

Tone likitoka katikati ya kifaa, vali haifungi vizuri. Mara nyingi ni fangasi. Kisafisheni kwa brashi yake, mjaribu tena. Kikikaidi, ulizeni kliniki kizibo kinachoingia kwenye kifaa chenu. Anakiweka wakati wa kula na kunywa tu, maana kikiwa ndani haongei. Wagonjwa wetu kadhaa walivuka wiki nyingi kwa njia hiyo bila kuja kukaa kwenye foleni. Maji yakipita pembeni ya kifaa, kizibo hakifui dafu. Pigeni simu, mpangiwe.

Kifaa kikichomoka, hapo hakuna kusubiri mlipuko uishe. Kile kitobo kilichokishika huanza kujifunga ndani ya saa chache. Kama mlifundishwa kuweka katheta, yaani mrija laini wa kushikilia kitobo kisijifunge, iwekeni, mje siku hiyohiyo. Kama kimechomoka na hamkioni, huenda amekivuta kwenye mapafu: hiyo ni dharura.

Na akizidiwa akapelekwa hospitali, mpe karatasi yenye maandishi makubwa: "Napumulia shingoni." Kipimo cha maambukizi kichukuliwe puani na pia kwenye tundu. Oksijeni iwekwe shingoni. Nimewahi kukuta mgonjwa amefungwa ya puani, anahangaika kuonyesha shingo kwa kidole, na hakuna anayemwelewa.