Kona ya Waandishi: Bombay ya 1875, Ukiwa Nairobi

SWALI: Ninaandika riwaya ya mapenzi. Nahodha Mwislamu wa Mombasa anafika Bombay mwaka 1875 na kumpenda binti wa mfanyabiashara Mhindu. Sura ya kwanza inawakutanisha chini ya lango la Gateway of India, wakinywa chai ya maziwa. India sijafika na nauli sina. Nimesoma mengi mtandaoni hadi nimechanganyikiwa. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba utafiti umetosha?
Msomaji, Kayole

JIBU: Umekwisha kutaja mwaka, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mwaka huohuo ndio unaovunja sura yako ya kwanza. Lango hilo lilikamilika 1924. Stesheni kubwa ya Victoria ilianza kujengwa 1878, na tramu za umeme zilifika 1907. Chai nayo iondoe: ilienea kwa watu wa kawaida wa India katika karne ya 20. Wakutanishe Crawford Market, soko lililokamilika 1869, au karibu na tramu za kukokotwa na farasi, zilizoanza Mei 1874.

Kabla ya kutafuta rangi za sari, tafuta mambo yanayowazuia wapenzi wako. La kwanza ni upepo. Nahodha wa jahazi huondoka Mombasa na kusi, ama Aprili kabla bahari haijachafuka, ama mwishoni mwa Agosti inapoanza kutulia. Juni na Julai, mvua na mawimbi ya Bombay huvizuia vyombo vya tanga. Kurudi ni kwa kaskazi, Novemba au Desemba. Akifika mwishoni mwa Septemba, wana miezi miwili au mitatu tu. Akifika Mei, wana nusu mwaka na mvua nzima ya kujifichia. Chagua moja, kisha riwaya yote ipange hapo. Barua haikungoja tanga: kuanzia Desemba 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilibeba posta kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar.

La pili ni kalenda, na hapa mwaka wako una utajiri wa ajabu. Tumia kikokotoo cha kubadili tarehe za Hijria. Ramadhani ya 1292 ilianza karibu na tarehe 1 Oktoba 1875, kwa hiyo nahodha wako hali mchana mwezi huo wote; mlo wa adhuhuri usiuandike. Diwali na Idi ziliangukia wiki moja, mwishoni mwa Oktoba. Kisha tarehe 8 Novemba mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, Prince of Wales, akateremka Bombay kwa shamrashamra. Mji umejaa watu, walinzi wa binti wameshughulika. Riwaya gani ingeiacha wiki kama hiyo?

La tatu ni sheria. Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1872 iliruhusu ndoa ya serikali, ila kila mmoja alipaswa kutamka kwamba hafuati Uislamu, Uhindu, Ukristo wala dini nyingine zilizotajwa humo. Notisi ilikuwa siku 14. Nahodha wako atakubali kutamka hivyo? La sivyo, binti asilimu na nikahi ifungwe, na hapo ukoo wake utamkana. Ukimfanya mjane, sheria ya 1856 iliwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena, ingawa jamii ilikuwa na lake la kusema.

Kwa vyanzo, anza na magazeti ya 1875 yenyewe kwenye hifadhi za mtandaoni, hasa safu za meli na bei za bidhaa, kisha ramani ya mji iliyo karibu na mwaka wako. Hapa mjini nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na maktaba ya McMillan kwa vitabu vya zamani vya pwani. Wazee wa Kihindi wa Ngara na Parklands watakufaa kwa mapishi na taratibu za harusi. Kwa tarehe, hapana, kwani wengi wao koo zao zilifika baadaye. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu visome kwa tahadhari: waandishi wengi walikuwa wanaume ambao hawakuingia vyumba vya wanawake, kwa hiyo wanayosema kuhusu ndani ya nyumba mara nyingi ni ya kusikia.

Kila unachonakili, andika chanzo na ukurasa papo hapo. Jambo linalobeba mgogoro lipate vyanzo viwili; la mapambo, kimoja kinatosha.

Na utafiti umetosha lini? Unapoweza kuandika onyesho zima bila kufungua daftari. Usipojua kitu katikati ya sentensi, weka alama ya kuuliza na uendelee. Alama hizo zikusanye mwisho wa rasimu uzitafute kwa mpigo mmoja. Wengi hukwama kwa kutafiti miaka mitatu bila kuandika sura. Wewe andika upya ya kwanza wiki hii, ukianza nahodha akiwa bado hajashuka chomboni.