Re: Mgongo na goti vinauma nikiendesha Hiace ya mzigo

Pole sana kaka. Umesema unapeleka mzigo Dar–Morogoro, goti la kushoto linauma na umeshauriwa kununua mto wa kukalia. Mto usubiri kwanza. Ukikaa juu zaidi, pembe ya goti kwenye klachi inabadilika, na unaweza kujiongezea maumivu.

Anza na siti, gari likiwa limesimama. Kandamiza klachi mpaka chini kabisa, halafu sogeza siti mpaka goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka lote, uko mbali mno. Kisha egemea vizuri, mabega yaguse siti, unyooshe mkono juu ya usukani: kiwiko kiwe kimelegea. Vioo virekebishe mwisho, maana ukibadili mkao, unachokiona ndani yake nacho kinabadilika.

Kwenye foleni ya Kimara usiache mguu juu ya klachi. Weka nyutro, shusha mguu sakafuni. Ukiuacha juu ya klachi ndipo goti linapoumia, na klachi yenyewe inaisha mapema. Ikiwa ni nzito kuliko zamani, fundi aikague.

Umetaja pia joto la siti. Injini iko chini yako, kwa hiyo inua siti uangalie raba ya kuziba na kizuia joto cha kifuniko cha injini. Raba ikikatika, joto na harufu ya moshi vinaingia ndani. Hilo usilicheleweshe hata kidogo.

Gari kuruka ukirudi bila mzigo ni kawaida, springi za nyuma ni za mzigo. Pima tu upepo wa matairi. Ganzi ikishuka mguuni, nenda hospitali.