Kipande au kitambulisho?

Swali: Nyanya yangu, mkazi wa Nakuru, hukiita kitambulisho chake “kipande”. Nimemsahihisha mara nyingi, naye hasikii. Je, hicho ni Kiswahili sanifu?

Jibu: Usimsahihishe tena. Kipande ni Kiswahili safi, na maana anayoitumia ina historia nzito.

Kwa asili kipande ni sehemu ya kitu: kipande cha muhogo, kipande cha nguo. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kikawa pia kadi ya kibarua, yenye nafasi 30 za siku za kazi. Siku hizo zilipotimia, kibarua alilipwa.

Kipande cha nyanya yako lakini kilitoka serikalini. Mwaka 1915 wakoloni walipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika nchini Kenya, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kutembea na karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na habari za kazi zake: ameajiriwa na nani, kwa mshahara gani, ameachishwa lini. Aliyetoroka kwa mwajiri alisakwa kwa karatasi hiyo. Ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, kikaning’inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi, na jina hilo linaeleza fedheha yake kuliko kitabu chochote. Harry Thuku, mwanaharakati Mkikuyu aliyetetea haki za Waafrika, alikipinga hadharani. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi. Sheria ya 1947 ilisajili watu wa rangi zote, ila jina la kipande halikutoka vinywani.

Kitambulisho nalo limetokana na kitenzi tambua. Sauti l iliyokuwamo zamani imedondoka katika tambua, ikasalia katika tambulika na tambulisha, kama unavyoiona katika fungua na fungulia. Kwenye fomu na barua rasmi, andika kitambulisho.

Ninachoomba wasomaji wakichunge zaidi ni tofauti ya kitambulisho na utambulisho. Cha kwanza ni kitu unachokishika mkononi. Cha pili ni tendo la kumjulisha mtu kwa wengine, au hali ya kujulikana yeye ni nani. Ndiyo maana Tanzania, ukihitaji kuthibitisha makazi yako, serikali ya mtaa hukuandikia barua ya utambulisho, wala si barua ya kitambulisho.