Kwa anayeanza kutengeneza unga wa kauri kwa njia ya mwako

Moto wenyewe haumalizi dakika tano. Mchanganyiko wa nitrati na urea unachemka, unavimba, unashika moto, na mara bakuli limejaa povu jeupe. Wengi wakishaona hivyo hudhani kazi imekwisha. Kama unga huo ni wa kusinta, yaani chembe zishikamane kwa joto bila kuyeyuka mpaka kipande kiwe kigumu na kisicho na matundu, kazi kubwa iko kabla na baada ya moto.

Anza na hesabu. Nitrati, yaani chumvi ya metali, ndiyo inayotoa oksijeni. Urea, glisini au asidi ya sitriki ndiyo fueli. Kwa hesabu ya valensi, yaani kulinganisha nguvu ya kutoa oksijeni (hasi) na ya kuwaka (chanya), nitrati ya alumini ina -15 na urea +6, hivyo moli 2 za nitrati zinalingana na moli 5 za urea. Kwenye mizani hiyo ni gramu 20 za nitrati yenye maji yake tisa kwa gramu 8 za urea, na utavuna kama gramu 2.7 tu za alumina (oksidi ya alumini), hata bakuli likionekana limefurika. Kingsley na Patil walichapisha njia hii mwaka 1988: tanuri la nyuzi 500 tu, na alumina ya alfa, yaani fuwele yake iliyo imara zaidi, inatoka moja kwa moja, kwa sababu joto la mwako wenyewe hulipita la tanuri kwa mbali.

Nitrati hunyonya unyevu. Chupa iliyokaa wazi itakupimia maji, na hesabu yako nzuri itaharibika kimyakimya. Choma sampuli ndogo mpaka uzito usibadilike, pima oksidi iliyobaki, kisha urekebishe. Kwa oksidi ya metali mbili usiruke hatua hii: uwiano ukiyumba kidogo, awamu usiyoitaka, yaani fuwele za aina nyingine, itajitokeza kwenye kipimo cha eksirei.

Fueli ikipungua, moto hupoa na mmenyuko huenda usikamilike. Ikizidi, unga huwa wa kijivu kwa kaboni. Fanyia kazi hii ndani ya kabati la kuvuta moshi, maana gesi ya kahawia inayotoka ni sumu, wala usifunike chombo. Ukitaka unga mwingi, rudia mafungu madogo. Usizidishe vipimo mara kumi ukitegemea moto uleule.

Sasa lile povu. Ukilibonyeza kwa kidole chenye glavu linavunjika bila ubishi, lakini chini ya darubini ya elektroni utaona vipande vya sifongo, kila kimoja kimebeba chembe nyingi zilizoshikana. Hapa ndipo namba ya eneo la uso, yaani ukubwa wa uso wa chembe zote katika gramu moja ya unga, huwadanganya watu: inaweza kuwa kubwa, na bado unga usisinte vizuri. Ukiukandamiza ulivyo, kila donge hujikunja kivyake ndani ya tanuri na kuacha nafasi kati yake na jirani, na nafasi hizo hazizibiki kirahisi.

Kwa hiyo choma kaboni kwanza, hewani, kwa nyuzi 600 hadi 800 kwa alumina, la sivyo gesi yake itanaswa ndani ya kipande. Kisha saga kwa mipira ya zirkonia ndani ya ethanoli, kausha, chekecha, ndipo ukandamize. Pima msongamano wa kipande kibichi, yaani kabla hakijaingia tanurini. Ukitofautiana sana kati ya kipande na kipande, rudi kwenye kusaga kabla hujagusa ratiba ya joto.